Mwaka wa Kupanda Ukuta kwa Vidole

Rehema alifika kwangu Kilwa Masoko siku ya Jumanne, na begi lake dogo alibebewa na kondakta wa basi mpaka mlangoni. Hilo la kubebewa ndilo lililonifanya nimtazame mara mbili, maana mtoto huyu wa kaka yangu tangu udogo wake hapendi kusaidiwa. Hatukuwa tumeonana kwa miaka minne. Aliniamkia, akanipa mkono wa kushoto, akaomba radhi, na wa kulia akaendelea kuubana ubavuni kama mtu aliyeficha kitu kwapani. Nikaitikia marahaba, nikampelekea maji ya kuoga, sikuuliza. Asubuhi yake nilimkuta uani anataka kuanika kanga. Aliinua mkono ukafika usawa wa bega, ukakataa. Akaushusha polepole, akajaribu tena, na uso wake ukajikunja kwa namna ninayoijua mimi vizuri sana. Nikamwambia, "Umefanyiwa nini kifuani?" Akaigeukia kamba, akanijibu akiwa amenipa mgongo. Miaka tisa nyuma, alipokuwa anafanya kazi nje, aliwekewa vifuko vya silikoni chini ya msuli wa kifua, kila upande kimoja, ili maziwa yake yajae. Cha kulia kikaja kuwa kigumu kama jiwe, kikawa kinamvuta na kumuuma, na wiki tatu zilizopita alikwenda hospitali kule Dar vikatolewa vyote viwili. Mama yake hajui. Hakuna anayejua. "Daktari anasema msuli utarudi, shangazi. Lakini nikijitazama naona nimebonyea. Unarudi kweli? Unachukua muda gani?"

Nikamwambia wangu ulichukua mwaka. Alidhani namtania. Wala simlaumu, maana nimefika umri wa kutafuta miwani yangu ilhali nimeivaa, na hakuna hata mmoja wa kizazi chake aliyepata kusikia habari ile kwangu. Watu walioijua wengi wao wamekwishazikwa. Tukakaa jikoni, nikamsimulia mpaka jua likawa la utosini na mchicha ukanyauka kwenye ungo bila kupikwa, na baada ya yeye kuondoka nikaona niiandike, kwa sababu nilipokuwa nasimulia niligundua kwamba nakumbuka kuta za chumba nilichouguzia mkono ule kuliko ninavyozikumbuka sura za watu.

Nilikuwa na miaka ishirini. Chini ya ziwa langu la kulia, ndani kabisa, chini ya msuli wenyewe, kulikuwa na uvimbe wa mafuta ulioanza nilipokuwa darasa la sita. Haukuuma. Ulikua taratibu, ukalisukuma ziwa mbele, na mimi kwa aibu ya kuwa na pande mbili zisizolingana nikawa nakunja kipande cha kaniki nakiweka upande wa kushoto ili vilingane. Nilikuwa hodari wa jambo hilo. Hakuna aliyejua ila mama. Watu wa kitongoji chetu cha Namchilo, kule Matumbi, Kilwa, walinisifia kifua, na Hamisi aliponiposa, mama yake alimwambia mama yangu kwa kicheko kwamba wajukuu zake hawatalala na njaa. Nilicheka nao huku nimeshika kitambaa changu kisiteleze. Kisha vidole vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi. Nikawa naangusha vitu. Mganga wa zahanati akanibonyeza, akakunja uso, akaandika barua nipelekwe Lindi.

Daktari alikuwa mtu wa bara, mfupi, mwenye kusema kwa mkono. Alinionyesha kwa kiganja chake cha kulia amekilaza juu ya ngumi ya kushoto. "Huu ndio msuli wako," akasema, akitikisa kile kiganja. "Umewambwa juu ya uvimbe huu miaka mingi, kama ngozi juu ya ngoma. Nitaukata pembeni, nitoe uvimbe, niushone tena. Ziwa sitaligusa. Lakini ngoma ikishaondoka, ngozi italegea. Utakuwa na shimo. Msuli hautajua kazi yake, utaufundisha upya." Nilimwuliza kwa muda gani. Akasema hilo tutaelewana wenyewe wawili, mimi na msuli wangu. Mama alikaa nami siku nne baada ya upasuaji. Siku ya tano ikaja habari kwamba Namchilo yote inahamishwa kwenda kijiji kipya kando ya barabara kuu, na asiyekuwepo hatagawiwa kiwanja. Alilia, akanifunga kanga yake mabegani, akaondoka na lori la asubuhi.

Nilitakiwa kubaki Lindi majuma sita. Nilibaki miezi sita, kwa sababu kidonda kilijaa maji, yakatolewa, kikajaa tena, kikatunga usaha, na kila nilipodhani nimemaliza, daktari alitikisa kichwa. Wodini hawakuwa na kitanda cha kunipa muda wote huo. Muuguzi mmoja, Akwilina, mwanamke mnene aliyetembea kimya kama paka, alinitafutia pa kukaa kwa Bi Rukia, mjane wa mtaa wa juu, karibu na kilima cha Mtanda, ambaye watoto wake wote walikwishatawanyika. Nyumba ilikuwa ya mawe na chokaa, ya zamani, yenye vyumba vitano na watu wawili. Changu kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, na dirisha moja lenye nondo za mbao. Kuta zilikuwa zinatoka unga mweupe ukiziegemea, hivyo nilikuwa natoka nje mgongo mweupe kama mtu aliyelala kwenye unga wa ngano.

Akwilina alikuja kunifundisha katika chumba kile. Alinisimamisha nimeutazama ukuta, karibu mpaka pua inanusa chokaa, akaviweka vidole vyangu viwili usawa wa kiuno. "Panda," akasema. "Kidole kimoja, kingine, kama kaa. Ukifika panapokataa, simama hapo, pumua mara tano, kisha shuka vilevile. Usiuangushe mkono. Na usikimbilie, mdogo wangu. Wiki sita usinyanyue hata sufuria." Siku ya kwanza vidole vilifika kwenye kitovu. Nilisimama pale jasho linanitiririka kwa kazi ambayo mtoto wa mwaka mmoja anaifanya akicheza. Ngozi ya kifua upande ule ilikuwa haina habari, ukiigusa ni kama unagusa meza, lakini chini yake kulikuwa na kitu kinachoungua, na mara nyingine, nikiwa nimekaa tu sina hili wala lile, msuli uliruka wenyewe kama samaki ndani ya kikapu. Niliogopa sana kuruka kule. Akwilina alifurahi. "Unatafuta kazi," akasema. "Mfu haruki."

Baada ya mwezi alihamishiwa zahanati ya mbali, akaniaga kwa haraka akiwa amesimama, na tangu hapo nikaupanda ukuta peke yangu. Asubuhi, adhuhuri na alasiri. Hapakuwa na kingine. Siwezi kukumbuka upweke mwingine wa namna ile maishani mwangu, na nimezika mume. Ukifiwa, watu hujaa nyumbani, wakakulazimisha kula. Mimi nilikuwa mgonjwa nisiyekuwa mgonjwa, natembea, nacheka nikichekeshwa, ila siwezi kujifunga kanga vizuri, siwezi kujisuka, siwezi kuteka maji. Kitambaa changu cha kaniki kilihama upande. Zamani kiliujaza wa kushoto, sasa kikawa kinaujaza wa kulia, ambako palikuwa na bonde ambalo kiganja kiliweza kulala. Nilikula na Bi Rukia, ugali wa muhogo na kisamvu, siku nyingine samaki wa kukaanga, sisi wawili kwenye sinia lililotengenezwa kwa ajili ya watu wanane. Hakuwa msemaji. Alikuwa na redio, na redio ndiyo iliyozungumza mezani petu, ikataja vijiji vipya, watu waliohamia, mashamba ya pamoja, nyimbo. Nilikuwa naacha kutafuna kila zilipotajwa habari za Kilwa. Namchilo haikutajwa hata siku moja.

Kulikuwa na majirani wawili waliopenda kukaa kwenye baraza la Bi Rukia baada ya alasiri kusuka ukili wa mikeka. Dirisha langu lilikuwa juu yao. Siku moja nikiwa nimesimama ukutani, vidole vimefika usawa wa kidevu, nikasikia mmoja anasema, "Yule binti wa watu wa Matumbi, nasikia wamelikata lote." Mwingine akasema, "Lote? Masikini. Na anacho kifua kizuri kwa mbali." "Kitambaa kile, shoga yangu." Wakacheka, si kwa ubaya, kwa namna watu wanavyocheka wakiwa hawajui kwamba anayesemwa anasikiliza. Nikashuka ukuta kidole kimoja baada ya kingine, kama nilivyofundishwa, nikakaa kitandani. Jioni Bi Rukia alikuwa anachagua mchele. Bila kuinua macho akasema, "Nimewasikia wale. Nionyeshe." Sikuelewa. "Mimi ninalala na wewe nyumba moja na sijui ulicho nacho. Nionyeshe, mwanangu." Nikafungua kanga. Alisogeza taa, akatazama kovu lililopinda kutoka kwapani, bonde, ziwa lililolegea juu yake. Alitazama kwa muda wa kutosha, kama mtu anayesoma barua. "Basi ndilo hili?" akasema. "Haya." Akarudi kwenye mchele wake. Nilikaa pembeni yake nikaanza kuchagua naye kwa mkono wa kushoto, na machozi yakawa yananidondokea kwenye ungo.

Hamisi alikuja mwezi wa kumi na mfuko wa korosho za kukaanga. Nilikuwa nimemngoja kwa namna ambayo sasa naionea huruma. Nilivaa gauni langu la kijani, nikapanga kitambaa changu, nikakaa naye kwenye ukumbi mlango ukiwa wazi, Bi Rukia yuko jikoni. Aliniambia wamekwishahamia. Nyumba zimepangwa mstari kama shuleni. Mama yangu anaishi kwa kaka, upande wa pili wa kijiji. Mikorosho yetu iko mbali sasa, mwendo wa nusu siku. Akavunja korosho, hakuila.

"Mkono unaendeleaje?"

"Unaendelea. Tazama."

Nikasimama, nikaugeukia ukuta wa ukumbi, nikapanda. Nilikuwa nimefikia juu ya kichwa wakati huo. Nilikuwa sijamwonyesha mtu. Nilipofika mwisho nikageuza shingo nimwone, na Hamisi alikuwa anatazama sakafu.

"Mama anauliza," alisema, "kama utaweza kutwanga."

"Daktari anasema nitaweza. Bado miezi michache."

"Na kunyonyesha?"

Nikaushusha mkono. "Mwambie ziwa lipo, Hamisi. Walichotoa ni uvimbe."

"Nitamwambia," akasema, na akamwita Bi Rukia ili amuage. Sijui kama alimwambia. Ninalojua ni kwamba hakurudi, wala hakuleta salamu, na mahari iliyokuwa imeanza kuzungumzwa ikaachwa kuzungumzwa. Alipotoka, Bi Rukia alisimama kwenye mlango wa jiko akifuta mikono. "Ndiye?" "Ndiye." "Amekula?" "Hakula." Akatazama sufuria yake. "Basi leo tunacho cha kutosha."

Nilikuja kunyonyesha watoto wawili, kwa maziwa yote mawili. Nilipomwambia Rehema sehemu hii alicheka kwa sauti mara ya kwanza tangu afike, kisha akashika kifua kwa maumivu ya kucheka. Lakini kwenye mwaka ule mimi sikuwa na watoto wa kumwonyesha mtu. Nilikuwa na ukuta. Nilimwambia Rehema ukweli wa mambo kama ulivyokuwa. Miezi miwili ya kwanza hutaona kitu, na utadhani daktari amekudanganya. Mwezi wa tatu mkono utapanda lakini hautakuwa na nguvu, utakuwa kama mkono wa mgeni. Kuanzia mwezi wa nne au wa tano, ukibana viganja viwili kifuani kama mtu anayeomba, utausikia msuli chini ya ngozi unakaza, mdogo, kama kamba, na siku hiyo utaita mtu aje aguse. Mimi nilimwita Bi Rukia. Alibonyeza kwa kidole, akasema, "Upo." Na lile bonde halikufukiwa na kitu kutoka nje. Lilijaa lenyewe, msuli uliponenepa na kukaa juu ya mbavu zake. Lakini sikumdanganya kwamba lilikuwa kama halijawahi kuwepo. Hata leo nikivua nguo ninaliona.

Miezi sita ilipotimia, mwishoni mwa mwaka, daktari aliniruhusu. Bi Rukia alinifungia mkate wa kumimina kwenye jani la mgomba, akanisindikiza mpaka kwenye ngazi ya nyumba yake, si zaidi. Nilisafiri juu ya lori na nikashuka Nangurukuru jua kali, nikiwa sijui ninakoishi. Nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa anauza chai na muhogo wa kuchemsha, "Shikamoo mama. Watu wa Namchilo wamepelekwa wapi?" "Marahaba. Namchilo haipo tena, mwanangu," akasema, kama anayenitajia saa. "Fuata barabara ya Somanga mpaka uone nyumba zimepangwa mstari. Uliza hapo." Nikafuata. Nilipozikuta nyumba, kila moja ilifanana na mwenziwe, na nikapita mbele ya mama yangu aliyekuwa anafagia bila kumtambua, kwa sababu sikutegemea kumwona amesimama mahali pale. Yeye ndiye aliyeniita.

Walinipa pole nyingi. Mwenyekiti wa kijiji aliutazama mkono wangu, akasema shamba la pamoja haliwezi kunisubiri, lakini kwa kuwa nimemaliza darasa la saba, nitafundisha kisomo cha watu wazima. Kijiji kikanijengea chumba nyuma ya banda la darasa. Mama hakupenda mwanamwali alale peke yake, ila nyumba ya kaka ilikuwa imejaa, akakubali kwa sharti kwamba chakula changu kitapikwa kwake na atakileta yeye mwenyewe. Nilifundisha alasiri, watu wakiwa wamechoka na jembe. Ubao ulikuwa mrefu, na kuandika juu yake kulinisaidia kuliko nilivyodhani. Lakini asubuhi, kila mtu akiwa shamba au kwenye vinu, nilikuwa mwalimu asiye na wanafunzi. Wanawake walitwanga wawili wawili, mchi wa huyu ukishuka wa yule unapanda, wakizungumza kwa mapigo. Nilipowasogelea walinipa kigoda. "Kaa wewe, Zuhura. Utajitonesha." Walinipenda. Walinipenda kwa namna ya kunitoa miongoni mwao, na mazungumzo yao yaliyokuwa ya mapigo yakawa yanapungua sauti nikikaa.

Niliomba mara nyingi, wakakataa kwa upole. Ilipofika mavuno ya mtama, mwezi wa sita, siku moja mwanamke mmoja alikatisha kwenda kumtazama mtoto aliyekuwa analia, akauegemeza mchi wake kwenye kinu. Sikumwomba mtu. Nikasimama, nikaushika. Aliyekuwa upande wa pili alinitazama, na nadhani angenizuia, ila mkono wake ulikuwa umekwishapanda na ilimbidi aushushe. Wake ukashuka, wangu ukapanda. Ukashuka. Msuli ule wote, kutoka kwapani mpaka kwenye mfupa wa kifua, ukavuta kwa pamoja, ukauma, ukavuta tena. Nilikuwa nimesahau kwamba kutwanga ni kazi ya kifua. Tulimaliza kinu kizima. Hakuna aliyepiga vigelegele. Yule mwenye mtoto aliporudi alisimama akasubiri zamu, basi, na mwenzangu akaanza kunisimulia habari ya mbuzi wake aliyeingia shamba la watu. Nilikwenda chumbani nikakaa chini mpaka adhuhuri, nimefurahi kiasi cha kutojua nifanye nini na furaha ile, kwa kuwa mtu ambaye angeielewa alikuwa Bi Rukia, naye yuko Lindi.

Mama yake Hamisi alikuwepo kwenye vinu siku ile. Baada ya siku mbili, Hamisi mwenyewe alikuja, alasiri, wanafunzi wangu walipotawanyika. Alisimama nje ya mlango. Alikuwa amenyoa. Alinisalimu, akauliza habari za kisomo, akasifu darasa.

"Mkono umepona," akasema.

"Umepona."

"Mama amekuona juzi kwenye kinu. Hana neno tena."

"Mimi ninalo."

Alitabasamu kidogo, akidhani namfanyia mikogo ya msichana anayetaka kubembelezwa. "Neno gani?"

Nilikuwa nimelitengeneza kwa miezi minane, refu, lenye uchungu wote. Lilipofika kinywani likawa fupi. "Siku ile Lindi nilikwambia tazama. Wewe ukatazama sakafu."

"Niliona haya, Zuhura."

"Najua. Na mimi niliona haya, lakini nilisimama." Nikamtakia heri. Akashika njia kati ya zile nyumba za mstari mpaka sikuweza tena kujua ni mlango upi alioingia.

Habari ilimfikia mama kabla jua halijashuka. Alikuja mikono mitupu. Aliniambia mwanamke mwenye kovu kama langu haulizwi mara mbili, na kama nina akili nyingi za kumkataa mtu aliyerudi mwenyewe, basi nitakuwa na akili za kujipikia. Akaondoka. Sikumkasirikia, alikuwa ananihofia. Nilikusanya kuni, nikawasha moto nyuma ya darasa, nikainjika sufuria ya maji kwa mkono wa kulia. Nilikuwa nimepika maisha yangu yote kwa watu saba, kwa watu kumi, sikuwahi kupika kwa mtu mmoja, na kipimo chake sikukijua. Nilikula nikashiba, ugali ukabaki zaidi ya nusu. Nikaufunika kwa sahani, na asubuhi nikala kiporo.